Q Isiyofuatwa na U

21 Julai, Jumapili

Leo watawa wameanza miezi yao mitatu ya kukaa hekaluni wakati wa mvua. Nimepeleka mshumaa na sabuni, nikaweka nadhiri. Mwaka jana niliapa kuacha bahati nasibu nikashindwa siku ya tisa, kwa hiyo safari hii nimechagua jambo jepesi: kuandika daftari hili hadi mvua iishe. Pia kumshinda Mwalimu Prayong angalau mara moja kabla sijafa. Hilo la pili si nadhiri, ni kiburi, lakini nimeshaliandika.

Mimi ni Lamduan. Hakuna anayeniita hivyo. Hapa mjini Taphan Hin wote waniita Jiap, kifaranga, na mimi ndiye ninayeuza wali wa kuku mkabala na stesheni. Kila mteja mpya hunifanyia utani uleule akidhani ni wa kwanza.

Shule niliishia darasa la sita. Mgeni akiniuliza kwa Kiingereza choo kiko wapi, namwonyesha kwa kidole. Ila maneno ya Kiingereza nayajua zaidi ya elfu thelathini. Maana zake sizijui. Nayajua kwa sura, kama ninavyowajua wateja wa treni ya asubuhi bila kujua wanakwenda wapi. Katika mchezo wetu wa herufi hilo latosha. Unapanga vigae ubaoni, neno likiwemo kwenye kamusi umepata pointi, basi.

Aliyenifundisha ni Prayong. Alikuwa mwashiria treni hadi alipostaafu, hajawahi kufundisha darasa lolote, lakini mimi namwita Mwalimu. Siku ya kwanza, miaka kumi na moja iliyopita, aliniambia: "Jiap, usiulize maana. Maana inakula nafasi."

24 Julai

Mvua. Kuku arobaini. Hakuna jipya.

28 Julai, Jumapili

Nimeshindwa tena, kwa pointi 61. Tunacheza ghorofani kwenye duka la madaftari, kila Jumapili kuanzia saa tatu.

Mwalimu ana orodha zake. Kila orodha ina masharti mawili, herufi zilizomo na urefu wa neno. Anayoipenda kuliko zote ni ya maneno ya herufi tano yenye Q isiyofuatwa na U. Huikariri akitembea, kama mtu anayetembeza shanga za sala: BURQA, FAQIR, NIQAB, QANAT, QIBLA, TALAQ, TRANQ, UMIAQ. Yapo na mengine, ila haya manane ndiyo yanayonitoka hata nikiwa nakata kuku.

Nilimsindikiza hadi kwake. Mkewe, Dada Kimlan, alikuwa amesimama langoni na mwavuli.

"Jiap, wewe una kuku wengi," akasema. "Mimi ninaye huyu mmoja tu. Mrudishe kabla wali haujapoa."

Prayong akacheka. Yeye hakucheka. Wameoana miaka thelathini na minne, na sijawahi kumwona yule mwanamke akionyesha meno.

4 Agosti, Jumapili

NIMEMSHINDA!

Nimemshinda, nimemshinda. Naandika saa saba mchana, duka nimefunga, na nimejinunulia chapati ya ndizi kwa Yusop, yule Mwislamu wa kigari, ili nijipongeze.

Ilipofika saa tano alianza kucheza vibaya. Vigae vilimdondoka mara mbili, nikadhani ni jasho la mikono. Aliongea kama ana pipi mdomoni. Kisha, tukiwa tumekaribiana kwa pointi, akaweka TALQA. Nikaangalia mara tatu. Prayong! Amekosea kwenye orodha yake mwenyewe! Nikasema "Napinga!" hadi mwenye duka akapanda ngazi kuja kuona. Tukaliingiza kwenye kompyuta, likatoka jekundu. Halipo.

Nikaruka, nikapiga makofi. Nikamwambia, "Mwalimu, leo kifaranga kamdonoa jogoo!" Yeye akatabasamu kwa upande mmoja tu wa mdomo. Dharau hiyo, naijua. Akapanda baiskeli yake, akayumba kidogo, akaenda. Ilikuwa saa tano na robo.

Miaka kumi na moja!

5 Agosti

Jamani.

Jana saa kumi na moja jioni Yusop alikuja mbio bila viatu. Kigari chake cha chapati hukaa mbele ya lango la Prayong. Alisema, "Dada Jiap, njoo na gari. Mzee ameanguka, na mdomo haupo mahali pake."

Tulimpandisha nyuma ya gari langu la kubebea kuku. Njia nzima hadi hospitali ya mkoa Dada Kimlan alimshikilia kichwa. Dakika arobaini.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye macho ya uchovu. Akauliza, "Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?"

"Asubuhi," akasema Dada Kimlan. "Alipotoka kwenda kucheza."

Daktari akanigeukia. "Wewe ulikuwa naye kwenye mchezo. Alikuwaje?"

Nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka ni haya: "Mzima, daktari. Mzima kabisa."

Akatueleza kwamba damu imeganda kwenye ubongo. Kuna dawa ya kuiyeyusha, lakini inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili ya kwanza. "Muda huo umepita," akasema. Hakulaumu mtu.

Nilihesabu kwa vidole nikiwa nimesimama palepale kwenye korido. Kutoka saa tano asubuhi, saa nne na nusu, inafika saa tisa na nusu. Kungekuwa na muda wa kwenda na kurudi na kwenda tena.

Lile halikuwa tabasamu.

6 Agosti

Nimekaa mbele ya ukurasa huu. Nimeandika tarehe tu.

11 Agosti, Jumapili

Nimekwenda kumwona. Mkono wa kulia umelala. Anamtambua kila mtu, macho yanafuata, anaelewa ukimwambia ageuke. Lakini hasemi. Anafungua mdomo, shingo inamkaza, hakuna kinachotoka. Dada Kimlan alikuwa akimlisha uji na kumwambia, "Sema Kimlan. Kim-lan. Sema." Machozi yakamtoka yule mzee kwa kushindwa.

Mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikakaa kitandani upande wa miguu, na kwa ujinga wangu, ili tu kuwe na sauti chumbani, nikasema taratibu, "Burqa."

"Faqir," akasema Prayong.

Kijiko kikaanguka.

"Niqab. Qanat. Qibla. Talaq. Tranq. Umiaq." Safi, kila herufi mahali pake, kwa sauti yake ileile ya Jumapili. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaketi kutazama. Kisha mdomo ukafungwa tena, na yeye mwenyewe alitushangaa kama sisi tulivyomshangaa.

Nesi akaja mbio, naye akamwita mtaalamu wa matamshi. Kijana yule akasema ameshaona mambo kama hayo. Kitu mtu alichokikariri kwa mfuatano kinahifadhiwa pengine kichwani, si pale penye maongezi. "Wengine huhesabu moja hadi kumi. Wengine husali. Huyu ana haya yake."

Dada Kimlan aliokota kijiko. Akaniuliza bila kunitazama, "Maana yake nini?"

"Sijui, dada."

"Na yeye?"

"Hata yeye hajui."

Akakifuta kijiko kwa muda mrefu sana.

14 Agosti

Kila ninapokata mdomo wa kuku naona ule mdomo.

19 Agosti

Amerudishwa nyumbani. Wanamkalisha barazani mchana apate upepo. Napeleka uji wa wali na kuku kila siku baada ya biashara. Watu wananisifu. "Jiap ana moyo." Nami nainamia bakuli.

Leo yametokea ya kutokea. Yusop alikuwa akitandaza chapati pale langoni, Prayong akaanza kukariri peke yake. Alipofika la sita alikuwa amemgeukia mkewe, aliyekuwa akimkunjia blanketi miguuni. "Talaq," akasema.

Yusop akaacha chapati ikaungua. "Lahaula! Mzee, futa hilo neno!"

"Neno gani?" nikamuuliza.

"Hilo ndilo neno mwanamume analomwambia mkewe akimwacha! Amemwacha mama wa watu mbele yangu, na mimi nimekuwa shahidi bila kuombwa!"

Dada Kimlan akasimama wima na blanketi mkononi.

Nikamvuta Yusop pembeni, nikamwandikia orodha yote kwenye karatasi ya kufungia chapati. Aliisoma polepole, midomo ikichezacheza, macho yakizidi kutoka. Akasema, "Dada Jiap, mengi ya haya si ya Kiingereza. Ni ya kwetu. Faqir ni maskini asiye na kitu. Qibla ni upande tunaouelekea tukisali. Niqab ni kitambaa cha uso. Waingereza waliyaokota njiani. Hayo ya mwishoni ndiyo siyajui. Huyu mzee amekuwa akisema haya mbele ya kigari changu miaka yote hii, na mimi nadhani ananung'unikia bei!"

 Miaka kumi na moja nimebeba magunia yaliyofungwa, na leo mtu amefungua moja, na ndani kuna mtu maskini, na mtu anayesali, na mke anayeachwa.

Nikarudi kwa Dada Kimlan, nikamweleza kwamba ni orodha tu, hakukusudia, neno hilo halina chochote kwake.

"Najua," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Neno la kuniacha liko kinywani mwake, kwa lugha asiyoijua. Jina langu halimo."

Nilikuwa nikimwona mkali. Kumbe kwa miaka yote alikuwa akisubiri zamu yake.

27 Agosti

Mvua siku ya nne. Mto Nan umefika ngazi ya tatu ya soko.

2 Septemba

Wa klabu yetu ya mchezo wa herufi wamenifuata dukani. Mashindano ya Bangkok ni tarehe 22, Prayong hayupo, wanataka niende mimi. Nikasema siendi. Dada Kimlan akasikia, sijui kwa nani, akaniambia nikiwa nashusha bakuli: "Nenda. Mtu mmoja wa nyumba hii ya Q apate faida."

9 Septemba

Karibu nimwambie leo. Nilisema, "Dada, ile siku..." Akasema, "Shika hii kamba ya nguo." Nikashika.

15 Septemba

Kila siku uji. Kila siku "Jiap ana moyo." Nimeanza kupita njia ya nyuma ya hekalu ili nisisifiwe.

22 Septemba, Jumapili. Bangkok

Nimekuwa wa nne. Mimi, nchi nzima, wa nne. Raundi ya saba niliweka FAQIR, mpinzani wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miwani, akapinga akidhani nimebuni. Likatoka la kijani. Wala sikufurahi. Nilimwona yule maskini asiye na kitu amelala pale ubaoni.

Jukwaani mwenye kipaza sauti akauliza, "Shangazi wa wali wa kuku, nani alikufundisha?" Nikasema jina la Prayong. "Yuko hapa?" Nikasema anaumwa. Ukumbi mzima ukapiga makofi kwa ajili yake, muda mrefu, na mtangazaji akasema ana bahati kuwa na mwanafunzi mwaminifu.

Mwaminifu. Nilishuka jukwaani nikajifungia chooni.

24 Septemba

Nimemwambia.

Alikuwa uani anafua taulo. Nilikataa kukaa. Nilisema yote kwa mpigo ili nisigeuke nyuma. Vigae vilivyodondoka, sauti ya pipi mdomoni, TALQA, baiskeli iliyoyumba.

"Uliona mdomo umepinda," akasema.

"Niliona."

"Saa tano asubuhi."

"Saa tano na robo."

"Ukafanya nini?"

"Nikacheka. Nikasema kifaranga kamdonoa jogoo."

Nilitegemea anipige. Ningependa anipige. Aliikamua taulo mpaka ikaacha kudondosha, akaianika kambani, akazinyoosha ncha zake vizuri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Toka."

Nilipofika langoni akaniita. "Bakuli lako." Akaliweka chini, limefunikizwa. Prayong alikuwa barazani akitutazama mmoja baada ya mwingine. Alijua kuna jambo. Akafungua mdomo, na kwa jitihada zake zote kilichomtoka ni "Burqa, faqir."

25 Septemba

Sikupeleka uji.

27 Septemba

Sikupeleka. Mto umepanda ngazi zote. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu dukani. Nimepandisha kuku na majiko juu ya meza.

30 Septemba

Yusop amepita akisukuma kigari ndani ya maji. Anasema Prayong hutazama lango kila mchana, ule wakati wangu wa uji. Anasema Dada Kimlan haongei na mtu yeyote. "Mmegombana nini nyinyi wawili?" Nikamwambia maji yatazima jiko lake, aende.

4 Oktoba

Maji yameanza kushuka. Nilikuwa nasugua tope sakafuni, nikaona miguu miwili mitupu, imejaa udongo hadi magotini. Dada Kimlan. Alivuta kiti akaketi.

"Nipe sahani moja."

Nikampa. Miaka yote hajawahi kula kwangu. Hakuigusa.

"Siku ile alirudi, akaketi kula," akaanza, kana kwamba tulikuwa tumeachia hapo. "Saa saba kamili, nilisikia treni. Akachukua mchuzi wa samaki, akaumimina kwenye glasi ya maji, akanywa. Akakohoa. Akashika kijiko kichwa chini. Nikamwangalia. Unajua nilimwambia nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilimwambia, maneno yako ya kizungu yamekumaliza akili. Nikaondoka mezani, nikaenda kulala chumba cha nyuma, nikawasha feni nisimsikie. Nilikuwa na hasira, Jiap. Si ya siku ile. Ya miaka. Nilipoamka ilikuwa saa kumi na moja kasoro, naye yuko sakafuni."

Nilijikuta nimekaa juu ya ndoo ya tope.

"Saa saba," akasema. "Zilibaki saa mbili na nusu. Nami nikamwambia daktari asubuhi. Asubuhi! Kisha akakugeukia wewe, nawe ukasema mzima kabisa. Nilijua unadanganya. Uso wako ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga msumari. Nikakushukuru kimoyomoyo. Nilisema, huyu nitakaa naye humu, tuko wawili. Halafu ukaja uani kwangu ukautema uongo wako, ukatoka mwepesi, ukaniacha peke yangu na wangu."

  Niliendelea kumtazama tu yule mwanamke niliyemwogopa miaka kumi na moja, matope yakikauka kwenye magoti yake.

"Ungekuja siku ile ile," akasema baadaye, "ningekuua. Sasa nani atamuua nani?"

Akala. Alikula sahani yote, mpaka matango, halafu akasema pilipili yangu haina ladha.

5 Oktoba

Nimepeleka uji. Prayong alipiga kiti kwa mkono wake mzima, pa pa pa, aliponiona.

12 Oktoba

Dada Kimlan ananitaka nimfundishe orodha. Nikamuuliza kama anataka na maana zake nilizozipata kwa Yusop. "Hizo zikae. Nataka kama zilivyo kwake." Ameyaandika kwa herufi zetu kwenye mgongo wa kalenda na kuyabandika juu ya jiko. Anayasema akikaanga vitunguu saumu. Anayavuruga, anayatukana, anarudia.

La sita halisemi. Anafika pale anafunga mdomo. "Hilo simwambii mtu," anasema. Nikamweleza kwamba mfuatano ukikatika Mwalimu hukwama. "Basi akwame."

15 Oktoba

Jua, la kwanza tangu Agosti. Taulo zimekauka kwa saa moja.

17 Oktoba

Leo watawa wametoka kwenye mvua yao. Tuliamka tukatoa sadaka, Dada Kimlan na mimi, tukarudi kwake. Wali ulikuwa jikoni. Yeye akaketi barazani mbele ya mumewe, kiti kwa kiti, magoti yakigusana.

"Burqa," akasema.

Prayong akamkodolea macho. Hakuwahi kuyasikia kwake. Kisha akajibu: "Faqir."

"Niqab."

"Qanat."

Wakaenda hivyo hadi mwisho, la sita likimwangukia mzee, Dada Kimlan akikohoa kulifunika, mzee akikwama, mimi nikilisema mimi. Wakaanza tena. Mara ya tatu Dada Kimlan alikuwa ameshaingiza sauti yake ya langoni, ile ya wali unapoa. "Burqa!" kama anamwuliza ametoka wapi. "Faqir," akajibu mzee kama anayejitetea. "Niqab!" kama anayekataa kudanganywa. Prayong akaanza kutikisika mabega, nikashtuka nikadhani ni kiharusi kingine. Alikuwa anacheka. Kule langoni Yusop akapiga kelele, "Sasa wanagombana kwa Kiingereza! Nimekwisha!"

Mara ya nne zamu ziligeuka, akaanza Prayong. "Qibla" ikaangukia kwa mzee akiwa amesimamisha kidole cha mkono mzima kumwonyesha mkewe: zamu yako.

Dada Kimlan akafunga mdomo.

"Qibla," akarudia mzee.

"Silisemi. Unaweza kukaa hapo mpaka mvua ya mwakani."

Nilifungua mdomo nimsaidie, naye akaniinulia mkono ninyamaze. Prayong alimtazama mkewe. Shingo ikaanza kukaza, mishipa ikatoka, kama siku ile hospitalini. Akapiga kiti.

"Ruka," akasema.

Kwa lugha yetu. Kwa sauti nzito, ya kukwaruza, sauti ya mtu aliyetoka ndani ya kisima.

Yeye mwenyewe alijiziba mdomo kwa kiganja.  Yusop alikuwa ameshika lango kwa mikono miwili.

"Umesema nini?" akanong'ona Dada Kimlan. "Prayong. Umesema nini?"

Alijaribu. Tulimwona anavyojaribu, akipatafuta palipotoka lile neno moja, na halikuja tena. Macho yakamjaa. Akatikisa kichwa.

Dada Kimlan alimtoa kile kiganja mdomoni, akakishika mapajani mwake kwa mikono yote miwili.  Harufu ya wali unaoungua ilikuwa imeshafika barazani.

"Haya," akasema. "Tumeruka. Tranq."

"Umiaq," akajibu.

Hakuna aliyeinuka kwenda jikoni.